Kicheko Chenye Machozi: Jinsi Filamu "Good Bye, Lenin!" Ilivyopokewa



Nchi ikifa, hakuna kaburi linalochimbwa. Bendera hushushwa, fedha hubadilishwa, majina ya barabara hufutwa, na watu huamka asubuhi wakiwa raia wa nchi nyingine pasipo kuhama nyumba zao. Ndivyo ilivyowapata watu wapatao milioni 16 wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, ambayo wengi waliiita Ujerumani ya Mashariki, usiku wa kuamkia tarehe 3 Oktoba 1990. Zaidi ya miaka 12 baadaye, mwezi Februari 2003, ilitokea mjini Berlin filamu ya kuchekesha iliyouliza swali zito: je, ni halali kuililia nchi iliyostahili kuanguka? Filamu hiyo ni "Good Bye, Lenin!", yaani "Kwaheri, Lenin!". Tunapenda kuieleza hapa pamoja na mabishano yaliyoizunguka, kwa sababu namna watu walivyoipokea inatufundisha jinsi taifa linavyojifunza kuikumbuka historia yake.

Hadithi yenyewe

Mwongozaji wa filamu ni Wolfgang Becker, aliyeiandika pamoja na Bernd Lichtenberg. Katika Berlin ya Mashariki anaishi mama mmoja, Christiane Kerner, aliyebaki na watoto wawili baada ya mumewe kutorokea Magharibi. Mama huyu ameutoa moyo wake wote kwa nchi yake ya kijamaa. Imani yake haiishii katika maneno ya majukwaani: huwaandikia majirani barua za malalamiko kwa wakuu, akidai nguo zishonwe kwa vipimo vya miili ya watu walivyo kweli. Tarehe 7 Oktoba 1989, siku nchi ilipoadhimisha miaka 40 ya kuzaliwa kwake, anamwona mwanawe Alex akikamatwa na polisi katika maandamano. Moyo unamshtuka, anaanguka, na kubaki bila fahamu kwa miezi minane.

Katika miezi hiyo dunia yake yote inatoweka. Ukuta wa Berlin, uliosimama tangu tarehe 13 Agosti 1961, unafunguliwa tarehe 9 Novemba 1989. Erich Honecker, mkuu wa nchi na wa chama, anaondoka madarakani. Maduka yanajaa bidhaa za Magharibi. Mama anapozinduka, daktari anaonya kwamba mshtuko wowote waweza kumwua. Basi Alex anaamua kuifufua nchi iliyokufa ndani ya nyumba yao yenye meta mraba 79. Anapekua majalala kutafuta mitungi ya matango ya siki ya Spreewald, kisha anaijaza matango yaliyotoka nchi nyingine. Anawalipa watoto ili waje na sare zao za zamani kumwimbia mgonjwa. Rafiki yake Denis anatengeneza taarifa za habari za uongo na kuzionyesha katika televisheni kama vile zimetoka kwa serikali.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini Alex anajitahidi kuirefusha kila siku. Mama anapoona tangazo la Coca-Cola dirishani, taarifa ya Denis inaeleza kwamba kinywaji hicho kilivumbuliwa na wajamaa. Anapotoka nje na kukuta magari na watu wa Magharibi, taarifa nyingine inasema Wajerumani wa Magharibi wamechoshwa na ubepari na sasa wanakimbilia Mashariki. Mama anaamini, na papo hapo anafikiria jinsi ya kuwapa wakimbizi hao mahali pa kulala.

Sifa na tuzo

Filamu ilionyeshwa kwanza katika tamasha la Berlin, ambako ilipewa tuzo ya filamu bora ya Ulaya. Mara ilipofika katika kumbi za sinema, watu walimiminika. Ndani ya Ujerumani peke yake watazamaji walizidi milioni 6, idadi ambayo filamu chache za Kijerumani ziliwahi kuifikia. Wabunge wa Bundestag nao waliandaliwa onyesho maalumu. Mwaka huohuo filamu ilipata tuzo tisa za filamu za taifa la Ujerumani. Katika tuzo za filamu za Ulaya ilitangazwa kuwa filamu bora, Daniel Brühl aliyeigiza nafasi ya Alex akawa mwigizaji bora, na Lichtenberg akatuzwa kwa uandishi. Mwaka 2004 Ufaransa iliipa tuzo yake ya César kama filamu bora ya Umoja wa Ulaya.

Wahakiki wengi walisifu mambo mawili. La kwanza ni uigizaji wa Katrin Sass katika nafasi ya mama. Sass alizaliwa Schwerin, katika Mashariki yenyewe, na alikuwa mwigizaji mwenye sifa huko kabla Ukuta haujaanguka; mwaka 1982 alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Berlin. Uso wake ulibeba ukweli ambao maneno yasingeweza kuubeba. La pili ni kwamba Becker alifaulu kuchekesha bila kumdharau mtu. Tangu muungano, watu wa Mashariki walikuwa wamechoka kuonekana washamba mbele ya ndugu zao wa Magharibi, watu waliovaa vibaya na kuendesha magari madogo ya Trabant. Hapa, kwa mara moja, walijiona kama watu wenye heshima, upendo na akili.

Nje ya Ujerumani sifa zilikuwa nyingi vilevile, ingawa baadhi ya wahakiki waliona kwamba filamu ya zaidi ya saa mbili inauvuta mzaha mmoja kupita kiasi. Waliojua historia ya sinema walitambua pia tukio moja maarufu: mama akiwa barabarani anaona sanamu ya Lenin ikipita angani, imening'inizwa chini ya helikopta, mkono wake umenyooshwa kana kwamba inamuaga. Mwaka 1960 Federico Fellini alikuwa amefungua filamu yake "La Dolce Vita" kwa sanamu ya Kristo ikipeperushwa hivyohivyo juu ya Roma. Wahakiki waliliona tukio la Becker kama jibu kwa lile la Fellini: kote kuwili watu wa chini wanatazama juu, na kile walichokiamini kinapita kikiwa mzigo wa kamba.

Shutuma

Hata hivyo, si wote waliocheka. Kundi moja la wahakiki liliuliza: dola lenyewe liko wapi katika filamu hii? Polisi wa siri wa Mashariki, waliojulikana kama Stasi, mwaka 1989 walikuwa na watumishi wapatao 91,000 wa kudumu, mbali na wapelelezi wa kificho zaidi ya 170,000 waliowachunguza majirani, wanafunzi wenzao, pengine hata wenzi wao wa ndoa. Watu wasiopungua 140 walikufa kwenye Ukuta wa Berlin. Filamu inaonyesha virungu vya polisi katika maandamano, kisha inahamia kwenye matango na kahawa. Kwa mtu aliyefungwa kwa sababu ya kutaka kuondoka nchini, utamu huo ulikuwa mchungu mno.

Wengine walitazama asili ya watunzi. Becker alizaliwa Westfalia, upande wa Magharibi. Brühl alikulia Köln, upande uleule. Je, mtu wa Magharibi anayo haki ya kuwasimulia watu wa Mashariki kumbukumbu zao? Swali hili halikupata jibu moja. Watazamaji wengi wa Mashariki waliikubali filamu kwa moyo, na uwepo wa Sass uliipa uzito. Lakini tunaona kwamba swali lilikuwa la haki: anayeshika kalamu ya historia ndiye anayechagua kitakachosahauliwa.

Shutuma zilikua kwa sababu ya yaliyofuata. Wajerumani wana neno "Ostalgie", lililoundwa kwa kuunganisha neno la Mashariki na lile la kutamani yaliyopita. Katika majira ya joto ya 2003, baada ya mafanikio ya filamu, vituo kadhaa vya televisheni vilirusha vipindi vya burudani kuhusu maisha ya Mashariki: nyimbo, sare, vyakula, vicheko. Wahanga wa utawala ule walikasirika. Wahakiki kadhaa wakailaumu filamu kwa kufungua mlango huo. Mwaka 2006 ilipotoka "Das Leben der Anderen" ya Florian Henckel von Donnersmarck, filamu nzito kuhusu afisa wa Stasi, wengi waliipokea kama dawa ya kusahihisha vicheko vya awali, nayo ikashinda Oscar mwaka 2007. Ajabu ni kwamba hiyo nayo ilishutumiwa, kwa kumfanya afisa wa Stasi awe mtu mwema anayemwokoa aliyekuwa akimpeleleza. Mkurugenzi wa makumbusho ya gereza la Hohenschönhausen alikataa isipigwe picha humo. Kumbe hakuna filamu moja inayoweza kubeba nchi nzima.

Kilichofichwa chini ya kicheko

Kwa maoni yetu, walioita filamu hii wimbo wa kuitamani Mashariki waliisikiliza nusu. Kwanza, Alex mwenyewe anakuja kukiri kwamba nchi anayoijenga haikuwahi kuwapo. Ni ile ambayo yeye angependa iwe. Katika taarifa ya mwisho ya Denis, mpaka unafunguliwa kwa hiari, na rais mpya ni Sigmund Jähn, Mjerumani wa kwanza kufika anga za juu mwaka 1978, ambaye katika filamu nafasi yake inachukuliwa na dereva wa teksi anayefanana naye. Anayeitazama taarifa ile hatamani yaliyokuwapo. Anaomboleza ahadi ambayo haikutimizwa.

Pili, mama naye alikuwa amesema uongo. Mumewe hakuwaacha kwa ajili ya mwanamke mwingine, kama watoto walivyoambiwa. Walikubaliana kwamba atatangulia, na yeye atafuata na watoto. Lakini aliogopa kwamba akiomba ruhusa ya kuondoka angenyang'anywa watoto wake. Barua za mume alizificha nyuma ya kabati la jikoni. Hapo ndipo dola linapoonekana: hofu imeingia jikoni na kuvunja familia. Wahakiki waliotafuta Stasi katika ofisi za filamu hii wangefaa kuitafuta nyuma ya kabati lile.

Tatu, maisha ya baada ya muungano hayakufichwa. Tarehe 1 Julai 1990 fedha ya Magharibi iliingia Mashariki, na akiba ya mama, iliyochelewa kubadilishwa, inageuka karatasi tupu. Dada yake Alex anaacha masomo na kuuza chakula dirishani katika mkahawa wa Kimarekani. Katika nchi yenyewe, shirika la Treuhand lilikabidhiwa kampuni zipatazo 8,500 zenye wafanyakazi karibu milioni 4 ili liziuze au lizifunge. Filamu ilipotoka mwaka 2003, karibu mtu mmoja katika kila watano wenye umri wa kufanya kazi upande wa Mashariki alikuwa hana ajira. Mtu aliyepoteza kazi, akiba na jina la barabara yake kwa mkupuo mmoja, akilia kwa kukumbuka mtungi wa matango, hatupaswi kuharakisha kusema kwamba anaulilia udikteta.

Na mwishoni mama anaambiwa ukweli kwa siri na Lara, mchumba wa Alex. Anaujua, lakini anamwacha mwanawe aendelee na taarifa yake ya mwisho, akimtazama yeye kuliko anavyoitazama televisheni. Aliyedhaniwa kulindwa ndiye anayelinda. Anafariki siku tatu baada ya nchi yake. Mbele ya tukio hilo hata wahakiki wakali walinyamaza.

Sanamu na kichwa chake

Sanamu kubwa ya Lenin mjini Berlin ilikuwapo kweli. Ilizinduliwa mwaka 1970, ikiwa na urefu wa meta 19. Haikuondoka kwa helikopta: kuanzia Novemba 1991 ilikatwa vipande zaidi ya mia moja na kufukiwa katika msitu pembezoni mwa mji, na uwanja wake ukapewa jina la Umoja wa Mataifa. Mwaka 2015 kichwa chake kilifukuliwa, na tangu 2016 kimewekwa katika maonyesho ya ngome ya Spandau, kikiwa kimelala ubavu. Kabla ya hapo jiji lilibishana kwa muda mrefu: kukifukua ni kumtukuza, au kukiacha mchangani ni kujidanganya? Ni mabishano yaleyale waliyokuwa nayo wahakiki wa filamu ya Becker, na mwishowe jiji lilichagua kukitoa nje ili watu wakione, wakiguse, na kukihukumu wenyewe.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Alex alisema uongo kwa upendo, na mama yake alisema uongo kwa hofu. Je, tofauti hiyo inabadilisha uzito wa uongo wenyewe?

2. Mtu aliyeteswa na mtu aliyeishi kwa amani chini ya utawala mmoja wanaweza kukaa meza moja na kuukumbuka pamoja? Kila mmoja amdai nini mwenzake?

3. Waulizeni wazee wenu jambo moja dogo, chakula, wimbo au vazi, wanalolikumbuka kutoka utawala uliopita. Sikilizeni kwanza, hukumu ije baadaye.