Kinanda cha Rangi: Karne Mbili za Kutaka Kuuona Muziki

Louis Bertrand Castel alikuwa padri Mjesuiti, mwalimu wa hisabati jijini Paris, na mtu asiyechoka kubishana. Mwaka 1725 alitangaza kwamba muziki unaweza kuonekana kwa macho. Wazo lilitokana na Newton, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1704 aliigawa mianga ya upinde wa mvua mafungu saba na kuyalinganisha na sauti saba za muziki. Castel hakukubaliana na Newton katika mengi, ila hilo la saba kwa saba lilimkaa kichwani. Akabuni kinanda ambacho ukigusa kibonye, pazia dogo linafunguka na rangi inajitokeza ikimulikwa kwa nyuma. Do aliipa buluu, mi njano, sol nyekundu.

Kwa miaka mingi chombo chenyewe kilibaki maneno matupu. Watu walimsihi akitengeneze, naye akajitetea kwamba yeye ni mwanafalsafa, si fundi. Hatimaye ilimbidi ajaribu, kwa mishumaa na subira. Mtunzi Mjerumani Telemann, aliyekuwa amezuru Paris, alichapisha maelezo ya kinanda hicho mwaka 1739. Mwandishi Voltaire alimsifu Castel mwanzoni, kisha akamgeukia kwa kejeli. Aliyekitumia chombo hicho vizuri kuliko wote ni mwanafalsafa Diderot, aliyeandika mwaka 1751 juu ya kiziwi aliyepelekwa kukitazama. Kiziwi yule alikata shauri kuwa aliyekibuni naye ni kiziwi, na kwamba zile rangi ni herufi zake za kuzungumza na wenzake. Kwa jinsi alivyoyaona mambo, muziki ni barua inayosomwa kwa macho. Huenda hakuna msikilizaji mwenye masikio mazima aliyewahi kumwelewa Castel kiasi hicho.

Wapo watu ambao kweli husikia sauti na papo hapo wakaona rangi, bila kujitakia. Hali hiyo huitwa sinesthesia: hisi moja ikiguswa, nyingine inaitika. Maelezo ya kwanza ya kitabibu yanayojulikana yaliandikwa mwaka 1812 na daktari Mjerumani, Georg Sachs, aliyejieleza mwenyewe. Wenye hali hiyo huwa na rangi zao thabiti. Sauti iliyokuwa ya kijani utotoni inabaki ya kijani uzeeni. Tatizo ni kwamba kijani cha huyu ni zambarau ya yule.

Ushahidi mzuri ulitokea mkahawani. Sergei Rachmaninoff alisimulia kwamba mwaka 1907, huko Paris, aliketi meza moja na watunzi wenzake wa Kirusi, Rimsky-Korsakov na Scriabin, na hao wawili wakaanza kuzungumzia rangi za funguo za muziki. Ufunguo wa D meja waliafikiana kuwa ni njano ya dhahabu. Walipofika E bemoli kila mmoja akashika njia yake: Rimsky-Korsakov aliona buluu, Scriabin aliona nyekundu iliyokolea zambarau. Rachmaninoff, ambaye hakuwa akiona chochote, alidhani ametulia pembeni. Wakamkumbusha kwamba katika opera yake mwenyewe, pale bahili anapofungua masanduku ya dhahabu, muziki uko katika D meja. Na yeye pia alikuwa amenaswa!

Wakati huo umeme ulikuwa umeshachukua nafasi ya mishumaa. Mchoraji Mwingereza Alexander Wallace Rimington alipata hataza ya kinanda cha rangi mwaka 1893, na mwaka 1895 alikionyesha katika ukumbi wa St James's Hall, London. Chombo hakikutoa sauti yoyote. Kilitupa mwanga tu huku muziki ukipigwa kando.

Scriabin alikwenda mbali zaidi. Katika wimbo wake wa okestra, Prometheus, uliomalizika mwaka 1910, aliandika mstari wa mwanga juu kabisa ya karatasi ya muziki, juu ya filimbi na vinanda, kwa noti zilezile za kawaida. Alitaka ukumbi mzima ujae rangi. Onyesho la kwanza la Moscow, mwaka 1911, lilifanyika bila taa. New York, tarehe 20 Machi 1915, taa zilipatikana lakini rangi ziliishia kwenye pazia dogo, na wahakiki wakalalamika kuwa ziliwavuruga. Mwezi uliofuata Scriabin akafariki kwa sumu ya damu. Wataalamu wengi siku hizi wanatilia shaka iwapo kweli alikuwa na sinesthesia, maana orodha yake ya rangi imepangika mno, nadhifu kama kazi ya mezani.

Hapo ndipo mradi mzima ulipokuwa ukikwama tangu enzi za Castel. Kila aliyeandika jedwali la sauti hii kwa rangi ile alikuwa akiwauzia watu wengine kichwa chake mwenyewe.

Mambo yaligeuka Brussels, katika Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1958. Kampuni ya Uholanzi ya Philips ilitaka banda la kuonyesha ustadi wake wa taa na spika, bila kupanga bidhaa mezani, ikamwendea mbunifu majengo Le Corbusier. Naye akasema atawatengenezea shairi la umeme. Kwa kuwa alikuwa ameshikwa na ujenzi wa mji wa Chandigarh, India, kazi ya kulibuni banda ilimwangukia msaidizi wake Iannis Xenakis, mhandisi Mgiriki aliyekuwa pia mtunzi wa muziki. Likatoka hema la zege lenye vilele vitatu. Kuta ziliundwa kwa vipande vyenye unene wa sentimita 5 hivi, vikabanwa na nyaya za chuma zilizokazwa. Ramani ya ndani ilifuata umbo la tumbo: takriban watu 500 waliingia upande mmoja, "wakasagwa" kwa dakika nane, wakatoka upande wa pili huku kundi jingine likiingia. Kati ya zamu na zamu ulipigwa muziki mfupi wa Xenakis, uliotokana na milio ya mkaa unaowaka.

Muziki mkuu ulitungwa na Edgard Varèse, mzee wa miaka 74. Wakuu wa Philips waliusikia wakataka aondolewe. Le Corbusier akakataa katakata. Kengele, ving'ora, mashine na sauti ya mwanamke vilikimbizwa ukutani kupitia spika zaidi ya 300. Picha zilizochaguliwa na Le Corbusier zilimulikwa kwenye kuta zilizopinda, na rangi zikafunika vichwa vya watu. Cha ajabu ni kwamba mwenye picha na mwenye sauti walifanya kazi kila mmoja peke yake. Walichokubaliana hasa ni urefu: sekunde 480. Mtazamaji ndiye aliyeunganisha, kila mmoja kivyake.

Sehemu ya mwisho ya shairi hilo ilielekezwa kwa binadamu wote. Lakini katika viwanja hivyohivyo vya maonyesho Ubelgiji ilikuwa imejenga "kijiji" cha Kongo, ambamo Wakongo walifanya kazi za mikono nyuma ya uzio wakitazamwa na wageni, wengine wakiwarushia ndizi. Walichoka na dharau, wakaondoka kabla maonyesho hayajaisha. Banda la Philips lenyewe lilibomolewa Januari 1959, na mwaka huohuo Le Corbusier akamfukuza Xenakis kazi, baada ya mvutano juu ya nani aitwe mbunifu wa banda.

Xenakis alikuwa amewahi kusoma kwa Olivier Messiaen, mtunzi aliyeona rangi akisikia sauti na ambaye mwaka 1963 aliandika majina ya rangi ndani ya noti zake, bila taa hata moja. Mwanafunzi alifanya kinyume. Mwaka 1972, katika magofu ya hamamu ya Kirumi ya Cluny, Paris, alifunga taa za kumweka 600 na miali ya leza iliyorukaruka kwenye vioo, zote zikiamriwa na kompyuta mara 25 kwa sekunde. Watazamaji walilala sakafuni. Alipoulizwa juu ya uhusiano wa mwanga na sauti, Xenakis alishikilia kuwa kila kimoja kinajitegemea.