Presha Ilikuwa Wapi Kisii Mwaka wa 1929?

Kila familia ya Kisii ninayoijua ina mtu wa presha. Kwetu ni mjomba, kaka yake mama. Alipoambiwa mara ya kwanza alimeza dawa kama miezi mitatu, kisha akaziacha. Sababu yake ilikuwa moja na aliisema kama mtu aliyesomea hayo mambo: "Hii kitu iko kwa damu yetu. Babangu alikuwa nayo. Sasa utapigana na damu?" Mwaka jana kiharusi kikamwangusha akichuma chai, na mkono wa kushoto mpaka leo haujarudi vizuri.

Hiyo sentensi ya "iko kwa damu" ndiyo imenifanya niandike hii. Manze, nilitaka kujua kama ni kweli, na nilichopata kiko hapo hapo nyumbani.

Miaka ya 1920, Kisii na Nyamira zote zilikuwa ndani ya wilaya moja iliyoitwa South Kavirondo, makao yake makuu yakiwa Kisii mjini. Daktari mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, alifanya kazi huko, na mwaka wa 1929 akaandika makala kwenye jarida la Lancet kule London. Ndani ya miaka miwili hospitali yake ililaza wagonjwa kama 1,800. Wa presha ya juu? Hakupata hata mmoja. Akapima presha za watu wengine kama 1,000, na akaona kitu kilichomshangaza: Ulaya presha ilipanda mtu akizeeka, lakini hapa, ukishapita miaka arobaini, ilielekea kushuka.

Soma hiyo tena ukimkumbuka mjomba. Hao waliopimwa wana damu ile ile yetu. Ni mababu wa babu zetu, na majirani wao.

Sitaki kumfanya Donnison malaika. Wazee wengi hawakuwa na tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo umri ulikuwa wa kukadiria. Tena mtu aliyefika hospitali alikuwa tayari mgonjwa, na ugonjwa wenyewe unaweza kushusha presha. Na alikuwa mtu wa wakati wake: baadaye aliandika kitabu kizima kuhusu ustaarabu na magonjwa, kana kwamba sisi tulikuwa bado hatujaupata. Lakini hata ukimkata nusu, bado unabaki na swali. Kama presha ni ya damu tu, ilikuwa imejificha wapi?

Magokoro alinijibu kwa chakula, bila kuulizwa habari za sayansi. Kwao utotoni ugali, yaani obokima, ulikuwa wa wimbi. Chinsaga ilipikwa polepole, ikatiwa maziwa mpaka uchungu ukalainika. Viazi vitamu, ndizi, maharagwe. Chumvi ilikuwa kitu cha kununua, kwa hiyo ilikaa juu, watoto hawafiki. Sukari ilikuwa ya mgeni.

Halafu mambo yakabadilika, na hayakubadilika kwa bahati mbaya. Ng'ombe walikuwa wakilindwa na vijana kwenye ebisarate, zile kambi za mifugo, ambazo Mwingereza alizipiga marufuku mwanzoni mwa utawala wake. Mahindi yakaenea, na mbegu chotara ya 611 ilipotoka Kitale mwaka wa 1964, wimbi likaanza kusukumwa pembeni. Shamba likawa la kahawa, kisha chai, maana ada ya shule hailipwi na chinsaga. Simlaumu mtu yeyote hapo. Lakini ukiuza majani chai ndiyo ununue mkate, unga mweupe na mafuta ya kupikia, mwili wako umehama hata kama wewe hujatoka Kebirigo.

Kuhama kwenyewe kuliwahi kupimwa. Neil Poulter na wenzake waliwafuata Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kuja Nairobi kutafuta kazi, wakawalinganisha na waliobaki nyumbani. Matokeo yalitoka mwaka wa 1990. Presha za waliohamia mjini zilikuwa juu ya za wenzao, na tofauti ilianza kuonekana miezi ya kwanza kabisa. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi zaidi, ile ya chumvi, na potasiamu kidogo, ile inayotoka kwa mboga, matunda na viazi. Miezi, wasee! Jeni hazibadiliki kwa miezi. Aliyebadilika ni mpishi.

Ati basi jeni ni uongo? Hapana, na hapa ndipo watu wa afya ya mitandaoni hunikasirisha, wanaosema kila kitu ni chakula. Chukua maziwa. Mtoto ana kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, lakini kwa watu wengi duniani kinapungua wakikua. Mwaka wa 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania wana badiliko la jeni linalokiacha kimeng'enya kikiendelea hadi utu uzima. Ni tofauti na lile la Wazungu, na lilitokea lenyewe huku kwetu, miaka elfu kadhaa iliyopita. Ng'ombe walikuja kwanza, jeni ikafuata. Chakula kilichagua nani atanufaika.

Mimi tumbo langu halikupata hiyo zawadi. Nikinywa glasi ya maziwa baridi, kaeni mbali nami. Lakini amabere amaruranu ya magokoro, yaliyolala kwenye kibuyu mpaka yakaganda, nakunywa vikombe viwili na sina shida, kwa sababu vijidudu vya kibuyu vimeshakula sehemu ya ile sukari. Jeni ni ile ile. Kibuyu ndicho kilichofanya kazi.

Kwa presha ni hivyo pia, ila hakuna jeni moja ya kunyooshea kidole. Ni nyingi, kila moja inasukuma kidogo, na wengine mwili wao hushika chumvi kuliko wengine. Mkulima wa Nyamira anaelewa hii haraka kuliko mwanafunzi wa chuo: mbegu moja, ukiipanda Borabu na ukiipanda kule chini kwenye joto, hutavuna sawa, na hutasema mbegu ndiyo iliyoamua. Mjomba huenda alirithi mbegu ngumu kweli. Ndiyo maana yeye hasa hakufaa kuacha dawa, wala kuongeza chumvi mezani kabla hajaonja.

Mwezi uliopita nilimsomea hayo ya Donnison, nikimtafsiria. Alisikiliza, akanyamaza, akauliza kama huyo daktari aliandika walikuwa wanakula nini. Nikamwambia magokoro anajua kuliko daktari. Magokoro akacheka jikoni. Tembe za mjomba sasa ziko kwenye kikopo kando ya redio, anameza habari za saa moja zikianza. Chumvi bado wanaigombania.