Jina ni la Browning, mikono ni ya Herstal

Leo tunaongea bunduki. Tulia kwanza, usikimbie. Najua kwa wengi wetu hapa Kenya bunduki ni G3 ya karao ama bastola ya mwizi usiku, na tangu Juni 25, 2024 kuna wasee hawataki hata kusikia hilo neno. Mimi pia sina bunduki na sina mpango wa kuitafuta. Lakini kuna aina moja ambayo watu huitunza vile wengine hutunza Peugeot 504 ya mzee: bunduki za marisau za michezo, zile za mitutu miwili iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Wanaozikusanya wako na stori moja wanayoipenda sana, na mimi naona hiyo stori imeacha watu wengi nje.

Kwanza uelewe kitu chenyewe. Hii bunduki haitoi risasi moja. Inarusha punje ndogo ndogo nyingi, ndiyo marisau, kwa ajili ya ndege anayepaa ama sahani ya udongo iliyorushwa hewani, ule mchezo unaouona kwa Olimpiki. Zamani mitutu miwili ilikaa ubavu kwa ubavu. Mafundi wa London ndio walifanya ile ya juu na chini iheshimike: Boss walitoa yao 1909, Woodward wakafuata 1913. Faida yake iko wazi. Ukilenga, jicho linafuata mstari mmoja mwembamba. Halafu mtutu wa chini ukifyatuka kwanza, mshindo unarudi karibu moja kwa moja begani, bunduki hairuki sana juu, na uko tayari haraka kwa mara ya pili. Shida ilikuwa doo. Boss ilitengenezwa kwa mkono, kwa oda, kwa mabwanyenye wenye mashamba ya kurithi. Mtu wa mshahara angeiangalia tu kwa dirisha la duka.

Hapo ndipo anaingia John Moses Browning, mzaliwa wa 1855 kule Ogden, Utah, mtoto wa fundi wa bunduki. Na wacha tuseme ukweli, huyu mzee hakuwa anatengeneza vitu vya maonyesho. Bunduki zake za rashasha zilipigana vita vya watu wengi sana. Bastola iliyomuua Franz Ferdinand pale Sarajevo 1914, ile iliyowasha Vita vya Kwanza vya Dunia, ilikuwa ya muundo wake, na ilitoka kiwanda cha FN, Herstal, karibu na mji wa Liège, Ubelgiji. Kiwanda chenyewe kilianzishwa 1889 ili kutengeneza bunduki 150,000 za Mauser kwa jeshi la Ubelgiji. Kwa hivyo ukisikia mkusanyaji anasema "hii ni sanaa tu," mwambie pole pole kwamba hiyo sanaa ilizaliwa nyumba moja na vita.

Mwaka wa 1923 Browning aliomba kusajili uvumbuzi wa bunduki ya juu na chini ambayo ingetengenezwa kwa wingi na kuuzwa kwa watu wa kawaida. Novemba 26, 1926 moyo ukasimama akiwa kazini hapo hapo Herstal. Mwanawe Val ndiye aliyeikamilisha, na 1931 ikaingia sokoni kwa jina la Superposed. Bei ya ile ya kawaida ilikuwa dola 107.50. Kumbuka hiyo ni Marekani ya ule mdororo mkubwa wa uchumi, watu wanapiga foleni ya mkate. Hata "bei ya mtu wa kawaida" ilikuwa mzigo.

Stori ya wakusanyaji kawaida inaishia hapo: kazi ya mwisho ya fundi mkubwa kuliko wote. Tamu sana. Ni kama kusema nyumba ilijengwa na akitekti.

Angalia Val peke yake. Superposed za kwanza zilikuja na triga mbili, moja ya kila mtutu. Ile triga moja ambayo mpigaji anachagua mtutu gani uanze, kitu ambacho leo kila mtu anataka, ilikuwa kazi ya Val mwishoni mwa miaka ya 30. Jina lake hulioni likitajwa sana.

Halafu kuna wale wa sakafuni. Mashine ilikata chuma, sawa, lakini kuunganisha mitutu na mwili wa bunduki ilikuwa kazi ya tupa na macho. Fundi anapaka masizi kwa chuma, kama yale ya koroboi, anafunga bunduki, anaifungua, anaangalia ni wapi masizi yameguswa, anakwaruza kidogo hapo tu, anarudia. Anarudia tena. Ndiyo maana Superposed iliyotunzwa vizuri ikifungwa haina pengo la kupitisha hata karatasi. Ule mlio wa kufunga ambao wakusanyaji wanausifu kama muziki ni masaa ya mtu ambaye hakuna anayejua jina lake.

Wachonga nakshi walikuwa na bahati kidogo. Chumba chao kiliongozwa na Felix Funken, na baada yake André Watrin. Daraja zilipewa majina: Pigeon, Diana, Midas. Midas, kama yule mfalme wa hadithi, ina dhahabu iliyopachikwa ndani ya chuma. Kwenye daraja za juu mara nyingi utakuta sahihi ndogo ya aliyechonga, na hiyo sahihi inapandisha bei. Manze hiyo inanifurahisha. Angalau mfanyakazi mmoja kwa mstari mzima anatambuliwa.

Sasa kuja 1966. Superposed inauzwa vizuri Marekani, Herstal ina kazi. Februari 16, wanawake zaidi ya 3,000 wa FN waliweka chini vifaa. Walikuwa wanasimamia mashine kwenye kumbi zenye mafuta na kelele, wakiitwa "wanawake-mashine", na walilipwa chini ya wanaume waliokuwa kiwanda hicho hicho. Mkataba wa Roma wa 1957, ulioanzisha Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, ulikuwa umesema kwa kipengele cha 119 kwamba kazi sawa ilipwe sawa. Miaka tisa imepita na hakuna kitu. Wakagoma wiki 12. Bila vipande vyao kazi ya wanaume nayo ikakwama, wengi wakaambiwa wakae nyumbani. Walidai nyongeza ya faranga 5 kwa saa, wakapata 2.75. Si ushindi mkamilifu, lakini Ulaya nzima ilianza kuongea juu ya hicho kipengele kwa sababu yao. Wakusanyaji wanaweza kukuambia skrubu gani ilibadilishwa mwaka gani. Huu mgomo? Kimya.

Cha ajabu, kitu kingine cha miaka hiyo wanakijua kama sala: chumvi. Oda zilikuwa nyingi na mbao za walnati za kutengenezea kitako huchukua muda mrefu kukauka. Mtu akapata njia ya mkato, magogo yakafukiwa kwa chumvi ili ivute maji haraka. Mbao zilikauka, zikaonekana poa, zikafungwa kwa bunduki kati ya mwisho wa miaka ya 60 na mwanzo wa 70. Lakini chumvi ilibaki ndani. Muulize mtu yeyote wa Mombasa chumvi inafanyia mabati nini. Ilivuta unyevu wa hewa na kuanza kula chuma kutoka ndani, chini ya mbao, mahali huoni. Kampuni ikalazimika kubadilisha vitako vingi. Mpaka leo mnunuzi mjanja wa Superposed ya miaka hiyo hulegeza skrubu za nyuma ya kitako kabla ya kuongea bei. Zikitoka na kutu, anarudisha pesa mfukoni. Nakshi nzuri kiasi gani haisaidii.

Mwishowe mishahara ya Ubelgiji ilipanda na kazi ya tupa ikawa ghali. 1973 Browning walileta Citori, ya muundo wa karibu, iliyotengenezwa na Miroku kule Japani. 1976 Superposed ya kawaida ikasimamishwa, zikabaki za oda maalum. Mwaka uliofuata Kenya ikapiga marufuku uwindaji, kwa hivyo hapa kwetu bunduki za aina hii zilipoteza kazi yao kubwa, na kumiliki hata moja ni mambo ya leseni. Wakusanyaji wa ng'ambo bado wanaringia maandishi ya Ubelgiji kwenye mtutu na kuidharau ya Japani. Mimi naona hiyo ni maringo tu. Citori ni ngumu kama jiwe, watu wamepiga nayo mamia ya maelfu ya sahani, na fundi wa Miroku naye ana mikono.

Lakini kama uko na njia ya kuangalia picha za minada, tafuta Superposed ya 1966. Muuzaji atakuandikia daraja, urefu wa mitutu, jina la mchonga nakshi kama lipo, na kama mbao zimepimwa chumvi. Mimi ningemuuliza kama ilitoka kiwandani kabla ya Februari 16 au baada ya wale wanawake kurudi kazini.