Pumzi na Chakula: Kamshafti na Kipimio cha Petroli katika Triumph TR5 na TR6

Katika ufundi wa injini hapana kiungo kiishicho peke yake. Kamshafti hufungua vali, vali huzaa mvuto wa hewa, na katika baadhi ya magari mvuto huo ndio upimao petroli. Aliyegusa kimoja amegusa vyote, apende asipende. Historia ya magari mawili ya Kiingereza, Triumph TR5 na TR6, yaliyotengenezwa katika mji wa Coventry, ni ushahidi mwema wa jambo hili. Tena ni historia yenye hukumu ndani yake, kwa maana mtambo wa petroli wa magari hayo umeshutumiwa miaka mingi kwa makosa ambayo mara nyingi hayakuwa yake.

Kamshafti ni mhimili wa chuma wenye vinundu. Uzungukapo, kila kinundu huinua tapeti, tapeti husukuma fimbo, na fimbo huuinamisha mkono ufunguao vali. Umbo la kinundu ndilo liamualo vali ikae wazi muda gani. Muda mrefu hufaa mbio, kwa sababu injini iendayo kasi haina nafasi ya kutosha kuvuta hewa, na mlango uliokawia kufungwa huingiza zaidi. Walakini katika kila duru kuna wakati ambapo vali ya kuingiza haijangoja vali ya kutoa ifungwe, zikawa wazi zote mbili. Kupishana huku kukizidi, injini iendayo polepole hupumua kwa shida, na moshi uliotumika hurudi kuchanganyika na hewa safi.

Kabla ya 1967 gari la Triumph la namna hii lilikuwa TR4A, lenye silinda nne na ujazo wa sentimita 2,138. Asili ya injini yake ilikuwa ile ya Standard Vanguard, nayo ilikwisha kufika ukingoni mwa uwezo wake. Kiwanda kilikuwa na injini nyingine ya silinda sita, yenye ujazo wa sentimita 1,998, lakini haikuwa na nguvu za kutosha kumrithi mzee. Wahandisi wakaurefusha mwendo wa pistoni kutoka milimita 76 hata 95, na ujazo ukapanda hata 2,498. Kisha wakaitia kamshafti kali. Vali ya kuingiza ilifunguka nyuzi 35 kabla ya pistoni kufika kileleni, ikafungwa nyuzi 65 baada ya pistoni kupita chini kabisa. Vali ya kutoa ilifunguka nyuzi 65 kabla ya chini, ikafungwa nyuzi 35 baada ya kilele. Kwa hesabu hiyo kila vali ilikaa wazi nyuzi 280 za mzunguko wa krankshafti, na kupishana kukawa nyuzi 70.

Kuilisha injini hiyo wakachagua mtambo wa kampuni ya Lucas ya Birmingham, unaopima petroli kwa vyuma vitupu na kuirusha katika njia ya hewa ya kila silinda. Lucas haikuwa mgeni katika kazi hii. Magari ya mashindano ya Jaguar yalikuwa yametumia mtambo wake tangu 1956, na injini ya Cosworth DFV, iliyomshindisha Jim Clark huko Zandvoort katika mashindano yake ya kwanza mwaka 1967, ililishwa na Lucas vilevile. TR5 ikatoka mwaka huohuo, na kiwanda kikaitangazia nguvu za farasi 150. Ziliundwa 2,947 tu. Wanunuzi wa Marekani, ambako sheria za moshi zilikuwa zimekaza kwa magari ya 1968, walipewa TR250, yaani gari lilelile kwa kabureta. Mwaka 1969 TR6 ikashika mahali pa TR5.

Mtambo wenyewe ulikuwa hivi. Pampu ya umeme ilikaa nyuma ya gari, ikisukuma petroli kwa mgandamizo wa ratili 100 hivi kwa kila inchi ya mraba. Petroli ilifika katika kipimio, ambacho kilizungushwa kwa gia na kamshafti yenyewe. Ndani ya kipimio mlikuwa na kipande kidogo cha chuma kilichokwenda na kurudi baina ya vizuizi viwili, kimoja kimekazwa, kimoja huweza kusogea. Kila safari ya kipande hicho ilipeleka petroli katika silinda moja. Safari ikiwa ndefu, petroli ilikuwa nyingi. Ikiwa fupi, ilikuwa kidogo.

Basi ni nani aliyekisogeza kizuizi? Hakikuwa kwa moja kwa moja mguu wa dereva. Mvuto wa hewa katika mabomba ya kuingizia ulivuta utando ulioshikwa na springi, na utando ukakisogeza kizuizi. Mvuto ulipokuwa mkubwa, kipimio kilifahamu kwamba injini haina mzigo, kikatoa kidogo. Mvuto ulipopungua, kilifahamu kwamba injini inafanya kazi, kikatoa kwa wingi. Hicho kilikuwa kipofu mwaminifu, na mvuto ndio fimbo yake ya kupapasia njia.

Hapa ndipo palipo kiini cha habari. Kamshafti yenye kupishana kwingi huudhoofisha mvuto na kuutikisa injini izungukapo polepole. Gari limesimama barabarani likingoja njia, halibebi kitu, lakini mvuto dhaifu hukiarifu kipimio kwamba linapanda mlima. Nacho hutii. Petroli humiminika kupita kiasi, plagi hulowa na kufanya masizi, na injini hutetemeka hata kuzimika.

Mwishoni mwa 1972 kiwanda kiliamua kuwatuliza wenye gari waliochoshwa na mtetemeko. TR6 ikapewa kamshafti ya upole zaidi, yenye nyuzi 18 mahali pa 35 na 58 mahali pa 65. Muda wa kukaa wazi ukashuka hata nyuzi 256, na kupishana kukawa 36. Nguvu zilizotangazwa zikawa farasi 125, ingawa sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na namna mpya ya kupima. Lakini jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba kipimio nacho kilisawazishwa upya. Waliokiunda chombo hawakubadili pumzi yake pasipo kubadili chakula chake.

Waliokuja nyuma hawakuwa na subira hiyo. Mwenye TR6 ya baadaye husikia kwamba amepunjwa farasi 25, akatamani kuwarudisha. Hununua kamshafti ya nyuzi 280 au kali kuliko hiyo, na kazi ya kuitia si ndogo. Huondolewa redieta, mfuniko wa mbele na mnyororo. Silinda hedi hutolewa ili tapeti zifikiwe, na gia ya kipimio hung'olewa. Gurudumu la meno la kamshafti lina matundu manne yaliyopangwa kwa hila, hata fundi aweza kusahihisha kwa nusu ya jino kwa kuligeuza robo duru, au kwa robo ya jino kwa kuligeuza uso nyuma. Tapeti hutiwa mpya, na injini iwakapo mara ya kwanza huendeshwa kasi kiasi kwa dakika ishirini, ili nyuso za chuma zizoeane. Baada ya uangalifu wote huo, kipimio hurudishwa kama kilivyokuwa, na springi zake zilezile. Kisha mtambo wa Lucas hulaumiwa, na mara nyingi umetupwa na kabureta zikawekwa badala yake.

Haki yataka isemwe kwamba mtambo ulikuwa na aibu zake. Mota ya pampu yake ilitokana na mota ya kupangusia kioo, ikapata moto siku za jua hata petroli ikageuka mvuke, na wengi wameibadili kwa pampu ya Bosch. Lakini mtambo wa namna hiyohiyo ulilisha magari ya Triumph 2.5 PI katika mashindano ya mwaka 1970 kutoka London hadi Mexico, na moja lao likafika la pili. Kilichotunzwa na wajuzi hakikushindwa na njia ya mabara mawili.

Njia iliyo sawa, basi, ni kukipeleka kipimio kwa fundi mwenye meza ya kupimia, kichaguliwe springi zilingane na mvuto wa kamshafti mpya, kisha moshi upimwe kwa kifaa cha oksijeni gari likiwa katika mwendo. Tena kamshafti yenyewe ichaguliwe kwa kiasi, kwa kuwa mvuto ukidhoofika kupita mpaka hapana springi iwezayo kuusoma. Farasi 25 hupatikana kwa mwenye kuwalipia mara mbili, mara kwa pumzi na mara kwa chakula. Alipaye mara moja tu hupata moshi mweusi, na kipimio kilichotii amri kikabebeshwa lawama ya aliyeitoa.