Walichagua vijana 268 wasio na shida

Kila nikiposti kitu kirefu, lazima kuna mtu ataandika hapo chini: "Wewe si ulitoka chuo kwa sababu hukuweza presha?" Huwa nacheka, naendelea. Lakini juzi nilikaa nikajiuliza, kwani huko kuweza presha ni nini? Unazaliwa nako ama unakua nako? Kumbe kuna watu walimaliza maisha yao wakitafuta hilo jibu.

Tuanzie Harvard, Marekani, mwaka 1938. Daktari Arlie Bock, aliyesimamia afya ya wanafunzi pale, alikuwa amechoka na udaktari unaoangalia wagonjwa peke yao. Alitaka kujua mtu aliye sawa anakuwaje sawa. Pesa zikatoka kwa William T. Grant, tajiri wa maduka ya bei nafuu. Wakachaguliwa vijana 268, wale wa kumaliza chuo kati ya 1939 na 1944. Wote wanaume, wote wazungu, wote wakionekana wako fiti kichwani na mwilini. John F. Kennedy alikuwa mmoja wao, kwa hivyo unaelewa tunaongea kuhusu watoto wa kina nani.

Halafu wakapimwa kila kitu. Fuvu la kichwa, mawimbi ya ubongo, mpaka mwandiko. Siku hizo wasomi wengi waliamini umbo la mwili linaweza kukuambia tabia ya mtu. Ukiwa na mabega mapana, basi wewe ni kiongozi. Leo tunacheka, lakini angalia vile tunahukumu watu kwa picha ya wasifu.

Kisha vita vya pili vya dunia vikaja na wengi wao wakaenda. Waliorudi wakaoa, wakaachana, wakatajirika, wakalewa. Na bado walikuwa wanatumiwa fomu za maswali wajaze, mwaka baada ya mwaka, mpaka uzeeni.

Mwisho wa miaka ya 1960 akaingia daktari wa akili anaitwa George Vaillant, akakuta mafaili yamejaa maisha ya watu. Baba yake, mwanaakiolojia aliyeandika kuhusu Waazteki, alijiua mwaka 1945, George akiwa na miaka 10. Sisemi hiyo ndiyo sababu, lakini sidhani mtu kama huyo anasoma faili kama karani.

Vaillant hakuuliza nani alipata shida, maana wote walipata. Wale vijana waliochaguliwa kwa kukosa kasoro, kufika umri wa miaka 50 karibu theluthi moja walikuwa wamewahi kuingia kwenye vigezo vyake vya ugonjwa wa akili. Swali lake lilikuwa: shida ikikupiga, ego yako inafanya nini?

Hapa nisimame kidogo. Kwetu ukisema mtu ana ego unamaanisha anaringa. Kwa wanasaikolojia ni ile sehemu yako inayojaribu kupatanisha unachotaka, unachoogopa na hali ilivyo. Anna Freud, binti ya Sigmund, alikuwa ameandika kitabu kizima mwaka 1936 kuhusu mbinu ambazo ego hutumia kujikinga. Vaillant alizichukua akazipanga kulingana na ukomavu. Kinga changa ni kama kumbebesha mwingine hisia zako, kujificha kwenye ndoto za mchana, ama kununa badala ya kusema. Zilizokomaa ni kuliweka jambo kando ukijua utalirudia, kugeuza uchungu uwe kazi, kusaidia wengine, na ucheshi.

Nilisoma hiyo orodha nikaona aibu. Karo iliponishinda niliambia kila mtu kwamba lecha fulani alinichukia. Uongo. Hata jina langu hakulijua. Halafu nikalala miezi miwili nikihesabu pesa za video ambazo sikuwa nimerekodi. Kinga changa, zote mbili, kama zimetolewa kwenye kitabu.

Lakini kitabu chake cha 1977, *Adaptation to Life*, kina kitu kilichonishika. Wakiwa vijana, hao wanaume walitumia kinga changa mara mbili zaidi ya zilizokomaa. Kufika umri wa kati, mambo yalikuwa yamegeuka: zilizokomaa zilikuwa mara nne. Watu wale wale! Na alipolinganisha na kundi lingine la vijana 456 kutoka mitaa maskini ya Boston, aliona ukomavu huo haufuati elimu wala pesa za wazazi. Kwa hivyo aliyeuliza kuhusu presha, jibu la kwanza ni hilo. Ulinipima nikiwa na miaka 19.

Sasa msikimbie kunitumia motisha za waliotoka chuo wakafaulu. Najua Erik Erikson, aliyeleta wazo la kuchanganyikiwa kwa utambulisho wakati wa ujana, hakuwa na digrii yoyote na bado akawa profesa Harvard. Lakini Erikson alifunzwa na Anna Freud mwenyewe kule Vienna. Mimi nimefunzwa na intaneti ya bando.

Anayenisumbua zaidi ni Jane Loevinger, aliyewahi kufanya kazi chini ya Erikson. Yeye alianza na wanawake, ambao kina Bock hawakuwajali kabisa. Kipimo chake hakina fuvu. Unapewa mianzo ya sentensi 36, unamalizia mwenyewe, na vile unamalizia vinaonyesha ego yako imefika wapi. Na matokeo yake si matamu kama ya Vaillant: miaka peke yake haikupeleki popote. Watu wazima wengi husimama katikati ya njia na hawaendi mbele tena.

Nilijaribu mwenyewe usiku, kwenye daftari la zamani la chuo. Nilienda vizuri mpaka sentensi inayohusu mama, ambaye bado huambia majirani kwamba nimeahirisha tu masomo. Niliandika mzaha. Nikaufuta. Niliandika kwamba ananielewa, nikafuta hiyo pia, na sentensi bado iko hapo haijaisha.