Homa ya matumbo: inavyoenea, na kwa nini kipimo cha Widal hakitoshi

Mtu akishikwa na homa siku mbili tatu, mtaani hutajwa magonjwa mawili: malaria au taifodi. Wengi hupimwa Widal, wakapata majibu muda si mrefu na kurudi nyumbani na antibiotiki. Tumeona tueleze ugonjwa huu ni upi, na kwa nini majibu hayo yanaweza kupotosha.

Taifodi, au homa ya matumbo, husababishwa na bakteria aitwaye Salmonella Typhi. Huyu huishi kwa binadamu tu, si kwa ng'ombe wala kuku. Kwa hiyo aliyeugua amekula au kunywa kitu kilichoingiwa na kinyesi au mkojo wa mtu mwingine. Si maneno matamu, lakini ndiyo yanayotuonyesha pa kuanzia: chooni, kisimani na mikononi mwa mpishi.

Mpishi huyo huenda asionekane mgonjwa. Mary Mallon, aliyepikia familia mbalimbali New York mwanzoni mwa karne ya 20, aliambukiza watu kadhaa ilhali mwenyewe hakuwa na dalili.

Homa hupanda polepole, siku baada ya siku, pamoja na kichwa kuuma, uchovu na tumbo kuuma. Wengine huharisha, wengine hufunga choo. Bila matibabu utumbo unaweza kutoboka, hasa kuanzia wiki ya tatu, na hapo mgonjwa huhitaji upasuaji wa haraka.

Sasa turudi kwenye Widal. Kipimo hiki hutafuta kingamwili, si bakteria mwenyewe. Aliyewahi kuugua zamani, au hata mwenye malaria, anaweza kuambiwa ana taifodi. Kipimo bora zaidi ni kuotesha damu maabara, ingawa huchukua siku kadhaa na zahanati nyingi hazina uwezo huo. Muulize daktari kama kinapatikana, na malaria ipimwe pia. Kumeza antibiotiki bila sababu huwafanya bakteria wazizoee; nchini Pakistan tangu 2016 imeenea taifodi isiyosikia dawa nyingi za kawaida.

Nyumbani, maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, kisha yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kushika chakula. Kachumbari na matunda yaliyokatwa barabarani tunayapenda sote, ila uliza yameoshwa kwa maji gani.

Chanjo ipo pia: Malawi ilianza kuwapa watoto wake mwaka 2023, na Kenya ikafuata mwaka 2025.