Sindano kavu hutuliza maumivu, mkao hunyooshwa na mazoezi

MAUMIVU ya shingo na mabega ni miongoni mwa matatizo yanayowapeleka wakazi wengi wa mijini kwa wataalamu wa fiziotherapia. Wapo wanaoketi kutwa nzima mbele ya kompyuta, wapo mafundi wanaoinamia cherehani, madereva wanaokaa kwenye usukani kwa saa nyingi, na vijana wasioinua macho kutoka kwenye simu zao za mkononi. Miaka inavyopita, mabega huja mbele, kichwa hutangulia kifua na mgongo wa juu hupinda.

Katika kutafuta nafuu, baadhi yao hupewa tiba ijulikanayo kama sindano kavu. Tiba hii imeenea Ulaya, Marekani, Australia na Afrika Kusini, na hutolewa pia katika baadhi ya kliniki za Nairobi. Mgonjwa anayeilipia huwa na swali moja: je, sindano itaninyoosha mgongo?

Jibu ni kwamba sindano peke yake hainyooshi mgongo. Inaweza kupunguza maumivu yanayomzuia mtu kunyooka, lakini haiupi nguvu msuli uliolegea wala haibadilishi mazoea ya kukaa. Asiyeelewa tofauti hiyo huweza kuchomwa wiki baada ya wiki, fedha zikamwishia, na mkao wake ukabaki ulivyokuwa.

Sindano kavu ni nini?

Sindano hii huitwa kavu kwa sababu haiingizi dawa wala kimiminika chochote mwilini. Ni uzi mwembamba wa chuma usio na tundu ndani, wenye unene wa takriban robo ya milimita. Ni sindano ile ile itumiwayo katika akupancha, tiba ya jadi ya Wachina. Tofauti ni kwamba akupancha ya jadi hufuata njia za nguvu za mwili kama zilivyoelezwa na waganga wa kale wa China, ilhali sindano kavu hufuata elimu ya misuli na neva.

Kinacholengwa ni fundo la msuli, yaani sehemu ndogo iliyokaza kama kamba iliyovutwa, ambayo ikibonyezwa huuma pale pale au hupeleka maumivu mbali. Fundo lililo juu ya bega, kwa mfano, huweza kuleta maumivu ya shingo hadi kwenye panja, na mgonjwa akadhani anaumwa kichwa tu.

Mtaalamu hulitafuta fundo kwa vidole, husafisha ngozi, kisha huchoma. Sindano ikifika mahali penyewe, mara nyingi msuli hushtuka mara moja bila hiari ya mwenyewe, kisha hulegea. Mgonjwa huhisi maumivu mafupi yanayofanana na ya kukakamaa kwa msuli.

Ilikotoka

Mwaka 1938, daktari Jonas Kellgren wa London alichapisha matokeo ya majaribio ambayo ndani yake watu walichomwa maji ya chumvi kali katika misuli. Alionyesha kuwa maumivu ya msuli huweza kusikika mahali pengine kabisa.

Nchini Marekani, kazi hiyo iliendelezwa na Dk. Janet Travell, aliyeteuliwa mwaka 1961 kuwa daktari wa Rais John F. Kennedy, ambaye alisumbuliwa mno na mgongo. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo. Dk. Travell alichoma mafundo ya misuli kwa sindano zenye dawa ya ganzi, na mwaka 1983 yeye na Dk. David Simons walitoa juzuu ya kwanza ya kitabu kilichokuja kuwa mwongozo mkuu wa fani hiyo.

Swali lilikuwa: kinachotibu ni dawa au ni mchomo wenyewe? Mwaka 1979, daktari Karel Lewit wa Prague alichapisha taarifa ya wagonjwa 241 waliochomwa sindano isiyo na dawa. Katika takriban asilimia 87 ya sehemu zilizochomwa, maumivu yalitulia papo hapo. Alieleza kuwa jambo kubwa ni usahihi wa kuifikisha sindano mahali panapouma zaidi.

Hata hivyo, Lewit hakuishia kwenye sindano. Mwaka 1984, yeye na Simons walieleza njia nyingine ya kulegeza misuli ya namna hiyo hiyo: mgonjwa husukuma kidogo dhidi ya mkono wa mtaalamu, hupumzika, kisha msuli huachwa urefuke. Kwa hiyo asiyetaka kuchomwa anayo njia nyingine.

Misuli na mkao

Katika mji huo huo wa Prague, Dk. Vladimir Janda, aliyefariki mwaka 2002, alieleza kwa nini mabega yaliyokuja mbele hayarudi kwa kubonyezwa tu. Kwa mujibu wa maelezo yake, mwili huo una makundi mawili ya misuli. Misuli ya kifua na ile ya juu ya mabega imekaza na kufupika. Misuli midogo ya mbele ya shingo, pamoja na ile inayoshikilia mifupa bapa ya nyuma ya mabega, imelegea na kudhoofika.

Sindano kavu husaidia kundi la kwanza. Kundi la pili halihitaji kulegezwa, kwa kuwa tayari limelegea, linahitaji kazi. Ndiyo maana mtaalamu makini hutumia saa au siku za nafuu baada ya sindano kumfanyisha mgonjwa mazoezi ambayo hapo awali maumivu yalimzuia kuyafanya.

Uzito wa kichwa nao una nafasi yake. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo tano hivi. Mwaka 2014, daktari wa upasuaji wa New York, Kenneth Hansraj, alikokotoa kwa kompyuta kuwa mtu akiinamisha kichwa kwa nyuzi 60, shingo hubeba mzigo unaolingana na kilo 27. Hiyo ni hesabu ya nguvu tu, si uthibitisho kwamba kila anayeinama ataumwa. Wapo wenye mabega yaliyopinda wasioumwa kamwe, na wapo walionyooka wanaoumwa kila siku.

Utafiti unasema nini?

Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa sindano kavu ikitolewa na wataalamu wa fiziotherapia hupunguza maumivu ya misuli kwa muda unaofikia wiki 12, kuliko kutotibiwa au kuchomwa sindano ya uongo. Lakini katika uwezo wa kufanya kazi za kila siku, haikuzipita tiba nyingine za fiziotherapia, na ushahidi wa faida ya muda mrefu haukuwapo.

Hatari zake

Madhara mengi ni madogo. Utafiti uliofanyika Ireland na kuchapishwa mwaka 2014 ulifuatilia tiba 7,629. Wengi wa waliopata madhara walikuwa na michubuko, damu kidogo au maumivu, na hapakuwa na dhara kubwa. Utafiti mwingine wa mwaka 2020, wa tiba 20,494, ulibaini madhara makubwa 20, yaani chini ya moja kwa kila tiba 1,000.

Miongoni mwa madhara makubwa, linaloogopwa zaidi ni kutobolewa kwa pafu. Ncha za mapafu hupanda hadi karibu na shina la shingo, na misuli inayochomwa kwa ajili ya mkao imelala juu yake. Sindano ikizama kupita kiasi, hewa huvuja kifuani na pafu husinyaa. Mtu aliyechomwa begani au mgongoni akipata pumzi fupi, maumivu makali ya kifua au kikohozi kikavu, hata kama ni saa kadhaa baadaye, aende hospitali mara moja na aeleze kuwa alichomwa sindano.

Mjamzito, mwenye ugonjwa wa damu kutoganda, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na anayezimia aonapo sindano, wote wanapaswa kusema kabla ya kuanza. Sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele ya mgonjwa na itupwe baada ya kutumika, ili kuzuia maambukizi ya homa ya ini na virusi vya ukimwi.

Si kila mgongo uliopinda ni mkao mbaya

Kupinda kwa mgongo huweza kutokana na kifua kikuu cha uti wa mgongo, mifupa iliyopungua uimara uzeeni, au kasoro ya ukuaji kwa vijana. Dalili za hatari ni maumivu yanayozidi usiku, homa, kupungua uzito, miguu kukosa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo. Mwenye dalili hizo anahitaji daktari na vipimo. Kila wiki anayopoteza akichomwa mabegani inaweza kumgharimu miguu yake.

Ufanye nini?

Kabla ya kukubali kuchomwa, muulize mtaalamu amesajiliwa wapi, amejifunza wapi tiba hii, na baada ya sindano atakupa mazoezi gani. Nchini Kenya, Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya mwaka 2014 iliunda baraza linalowasajili, hivyo kuuliza leseni si utovu wa adabu. Asiye na mpango wa mazoezi anakuuzia nusu ya tiba.

Nyumbani na kazini, inua kioo cha kompyuta kifikie usawa wa macho, weka nyayo zote mbili sakafuni, na simama kila baada ya nusu saa. Vuta kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, shikilia kwa sekunde tano, rudia mara kumi. Simama mlangoni, weka mikono kwenye fremu na usogee mbele hadi kifua kivutike. Kisha bana mifupa ya mabega kuelekea kwenye uti wa mgongo.

Mazoezi haya hayahitaji fedha, ila huhitaji wiki nyingi za kuyarudia kila siku kabla ya tofauti kuonekana.